Oili inayovuja kwenye gari-nyumba la zamani: maswali tunayoulizwa gereji, Dodoma

Dodoma ni njia panda. Anayeshuka kutoka Arusha na Babati kupitia Kondoa, anayepanda kutoka Iringa kwa njia ya Mtera, anayetoka Dar kupitia Morogoro na Gairo, anayerudi kutoka Mwanza na Singida, wote hukutania hapa. Kwa hiyo gereji za mji huu huletewa Coaster, Hiace na Land Cruiser za kila umri, zikiwemo zile zilizong'olewa viti zikawekwa kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Majibu haya tumewaandikia wenye magari hayo, ingawa mwenye Hiace ya abiria atakuta yanamhusu vilevile, kwa kuwa injini ni zilezile.

Msimamo wetu tuutangulize. Injini ya zamani ikivuja, kabla ya kuuliza kifaa gani kimekufa, sisi tunauliza nani alifungua hapa mara ya mwisho na alifunga vipi.

Gari lina miaka 30. Si halali yake kuvuja kidogo?

Kutoa jasho ni halali yake, kudondosha hapana. Kama maungio yana unyevunyevu, vumbi limegandia, lakini hakuna tone linalofika chini, pafute halafu paangalie tena mwezi ujao. Tone likifika chini kila unapoegesha, hiyo ni kazi ya kupangiwa siku. Oili ikidondoka huku injini inaunguruma, au ikigusa ekzosi au belti, haisubiri mshahara.

Mpira wa sili hukakamaa kwa joto na kwa miaka, hilo halina ubishi. Lakini sehemu nyingi tunazozikuta zinavuja ni zile zilizowahi kufunguliwa. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iliyofungwa kiwandani Japani mwaka 1995 unaweza kuikuta kavu mpaka leo, na juu yake kava la tepeti (kifuniko cha juu ya injini) lililofunguliwa mwaka jana linachuruzika.

Nitajuaje kuwa ni oili ya injini?

Jioni laza kipande cha boksi chini ya gari, weka alama upande wa mbele. Asubuhi utasoma. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi tii na inachafua kidole papo hapo. Nyekundu ni ya gia boksi ya otomatiki au ya pawa steringi. Nzito yenye harufu ya kiberiti ni ya difu au ya gia boksi ya kawaida. Nyepesi, inayobabua rangi ya gari, ni ya breki, na hapo usiondoke. Kijani au pinki yenye harufu tamutamu ni ya rejeta.

Gari-nyumba lina la ziada: bomba la sinki. Yupo mtu huja na hofu ya injini kumbe ni maji ya kuoshea vyombo.

Kila fundi ananitajia sehemu yake. Nitajuaje inapoanzia?

Oili hushuka, kisha upepo wa mwendo unaisukuma nyuma. Tone unaloliona kwenye maungio ya injini na gia boksi linaweza kuwa limeanzia juu kabisa, likateremka nyuma ya silinda hedi (kichwa cha injini), likajikusanya pale. Anayelala chini ya gari akaangalia tone tu atakwambia "sili ya nyuma imekufa", na gia boksi itashushwa bure.

Anzia juu. Angalia kava la tepeti pande zote, hasa nyuma, mahali mkono haufiki vizuri. Injini nyingi za Toyota za zamani zina kipande cha mpira chenye umbo la nusu mwezi mwishoni mwa silinda hedi, chini ya kava. Kikikakamaa, au kikirudishwa bila kusafishwa, kinavuja kimyakimya. Kisha angalia swichi ya oili, mahali filta ya oili inapokalia, na maungio ya kupozea oili kama injini inayo. Kwenye Hiace yenye injini ya dizeli ya 3L na ndugu zake, usisahau pampu ya vakyumu ya breki iliyo mgongoni mwa altaneta. Inalainishwa kwa oili ya injini kupitia bomba dogo na mpira wa kurudishia. Mpira ule ukipasuka unalowesha upande mzima, na fundi mwenye haraka atafungua sampu. Kama injini ina tabo, fuata bomba la kurudisha oili. Ukimaliza yote hayo ndipo uangalie nati ya kumwagia, sampu, sili ya mbele na sili ya nyuma.

Vumbi letu hapa lina faida yake. Mvujo wa zamani uliokwisha huwa na tope kavu, gumu, la kahawia. Mvujo wa sasa una njia inayong'aa katikati ya tope hilo. Kabla hujaruhusu mtu yeyote aoshe injini, piga picha.

Ukishapiga picha, sugua kwa dizeli au dawa ya kusafishia injini ikiwa imepoa. Petroli usiiguse, na mashine ya presha iwe mbali na altaneta na nyaya. Ikikauka, pulizia poda ya mtoto kwenye maungio unayoyashuku. Nenda mpaka Ihumwa, rudi, inamisha kichwa na tochi. Poda iliyolowa ndiyo mwanzo. Ni kazi ya saa moja hivi inayookoa siku mbili za kushusha gia boksi.

Nimebadilisha sili ya nyuma mara mbili, bado inavuja. Sili feki?

Inawezekana, na feki zipo. Ila sili mbili mfululizo zikifa, acha kuilaumu sili kwanza.

Pale sili inapokalia, ile nyumba yake nayo imefungwa kwenye bloku, na maungio hayo huvuja. Fundi akibadilisha sili bila kufungua na kusafisha nyumba, tone linabaki palepale. La pili ni mfereji. Mdomo wa sili ukisugua krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) miaka mingi huchimba alama, na ukipitisha ukucha unaisikia. Sili mpya ikikaa kwenye mfereji uleule haizibi. Dawa yake ni kuikalisha sili juu au ndani kidogo, mdomo uguse chuma kizima, au kuvalisha pete nyembamba ya chuma.

La tatu ndilo linalosahaulika zaidi: injini haipumui. Katika kila injini kuna moshi unaopenya ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, nao unatakiwa utoke kwa bomba la kupumulia, kwa kawaida kutoka kava la tepeti kwenda kwenye njia ya hewa. Bomba likiziba, presha inatafuta pa kutokea, na sili ndiyo mlango dhaifu. Tumeshakuta Coaster ambayo aliyeishika kabla yetu alikereka na moshi wa bomba hilo, akalikata, akachomeka boliti na kulikaza kwa klempu. Injini ile ilikuwa inavuja mbele, nyuma na kwenye kijiti cha oili. Tulitoa boliti, tukaweka mpira mpya, na sehemu mbili kati ya tatu zikakauka bila kubadilishwa kitu.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili, kilaze juu ya tundu kichwa chini. Kikitikisika kidogo ni kawaida ya dizeli ya zamani. Kikirushwa, na moshi ukapuliza mfululizo, angalia bomba la kupumulia. Kama ni zima na wazi, basi ringi zimechoka, na hapo sili yoyote utakayoweka itakuwa ya muda.

Na ikiwa kweli gia boksi inashushwa, usiirudishe na klachi iliyobakiza nusu wala na beringi yake ya kuachia ya zamani. Kazi ya kushusha ndiyo ghali. Kuilipia mara mbili ni kujitakia.

Silikoni ni nzuri au mbaya?

Silikoni yenyewe haina kosa. Toyota wenyewe, kwenye injini nyingi za familia hizi, walifunga sampu kwa gasketi ya maji, yaani silikoni ya kupaka, bila ya karatasi. Lakini wao wanataka pande zote mbili ziwe safi na kavu, mstari wa silikoni uwe wa milimita 3 hadi 5, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti, na sampu ifungwe ndani ya dakika chache kabla silikoni haijashika ngozi.

Kinachofanyika mitaani ni kinyume. Oili bado inatiririka, mtu anafuta kwa kitambaa, anamimina tyubu nzima, anakaza mpaka silikoni ifurike nje. Unachokiona nje ni nusu tu, nusu nyingine imefurikia ndani. Inakatika vipande, inazunguka na oili, inakwama kwenye chujio la pampu. Ukishusha sampu ukakuta minyoo ya bluu imejipanga kwenye wavu wa chujio, umeelewa kwa nini taa ya oili ilikuwa inachelewa kuzima asubuhi. Aliyeziba tone moja la nje karibu aue beringi zote za ndani.

Silikoni iliyopakwa kwa nje, juu ya maungio ambayo hayajafunguliwa, haizibi kitu. Inaficha tu mpaka muuzaji apokee hela.

Gasketi za kukata kwa karatasi ya boksi? Kwenye kifuniko kisicho na presha, kwa dharura ya njiani, zitakufikisha. Kwenye njia ya oili yenye presha, hapana.

Nataka kununua Coaster iliyogeuzwa nyumba. Nitasomaje kazi zilizowahi kufanywa?

Swali hili ndilo tungependa liulizwe kabla ya mengine yote.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, ameshaficha jinsi inavyowaka asubuhi. Kwenye Coaster na Hiace injini iko chini ya viti vya mbele, na kwenye gari-nyumba mara nyingi juu yake pamewekwa zulia, sponji, hata droo. Viondolewe. Mtu akikataa kuondoa zulia la gari analouza, hiyo tayari ni taarifa.

Soma boliti. Za kiwandani huwa za aina moja kwa mstari, zina rangi moja ya kuzeeka. Ukikuta tatu za zamani, moja mpya inayong'aa na moja yenye kichwa cha saizi nyingine, hapo pamefunguliwa na boliti zikapotea. Vichwa vilivyolika kona vinakwambia spana iliyotumika haikuwa saizi yake. Nati za mabomba ya nozeli zikiwa na alama za plaisi, ujue huenda silinda hedi iliwahi kutoka. Uliza kwa nini. "Ilikuwa sevisi tu" si jibu, maana silinda hedi haivuliwi kwa sevisi.

Angalia rangi za silikoni. Bluu sehemu moja, nyekundu nyingine, nyeusi kwingine: mafundi watatu, au fundi mmoja mara tatu. Angalia nati ya kumwagia oili. Ikiwa imezungushiwa tepu nyeupe ya mabomba ya maji, au ni kubwa kuliko saizi yake, uzi wa sampu umeshakufa. Klempu na vishikizo vilivyopotea navyo vihesabu. Bomba lisilo na kishikizo hutikisika hadi linapasuka, na kwa mvujo unaotokana na hilo utalaumiwa mpira.

Namba ya injini ilinganishe na iliyo kwenye kadi ya gari. Coaster nyingi zimebadilishiwa injini na hilo si dhambi, ila mabadiliko yawe yamefikishwa TRA. Kama injini si ya aina iliyokuja na gari, tazama vikalio vilichomelewaje na sampu imepishana na chuma cha mbele kwa nafasi gani. Sampu inayogusa hupasuka, na iliyowahi kuchomelewa inabaki na mshono.

Usipuuze stika. Magari kutoka Japani huwa na stika ya kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango au karibu na injini, yenye tarehe na kilometa. Kama stika inasema kilometa 180,000 na dashibodi inasema 120,000, huna haja ya kubishana na mtu.

Risiti zina thamani kuliko maneno, lakini risiti ya spea bado haijaonyesha kwamba ilifungwa. Ukiweza, ongea na fundi aliyefanya kazi. Mwenye gari anakumbuka bei, fundi anakumbuka alichokikuta ndani.

Muuzaji ameosha injini na kuipaka rangi ya fedha.

Endesha nusu saa, kisha angalia. Rangi iliyopakwa juu ya gasketi, juu ya mipira na juu ya nyaya imepakwa ili ionekane, haikupakwa ili kulinda.

Nikiweka oili nzito zaidi, kuvuja kutapungua?

Wengi wanatoka 15W-40 kwenda SAE 40 wakidhani wamepanda uzito. Injini ikiwa ya moto, zote mbili ziko daraja lilelile la 40. Tofauti iko kwenye baridi: ile yenye W hutiririka upesi asubuhi, nyingine inachelewa. Kwa asubuhi za Juni na Julai hapa Dodoma, kuchelewa huko kunalipwa na beringi.

20W-50 ni nzito kweli ikiwa ya moto, na kwenye injini iliyochoka inaweza kupunguza matone. Iweke ukijua unanunua muda. Dawa za chupa za kuziba mvujo hulainisha mpira uliokakamaa, kwa hiyo sili ngumu isiyopasuka inaweza kuitika. Gasketi iliyochanika, krenki yenye mfereji au sampu yenye ufa haisikii dawa.

Gari halikuvuja lilipokuwa tupu. Baada ya kulifunga kitanda na jiko, linavuja. Kuna uhusiano?

Upo. Maji lita 100 ni kilo 100, na hujaweka gesi, betri za ziada, mbao na kabati. Basi la abiria hushusha watu, gari-nyumba halishushi chochote, linapanda Nyang'oro au Sekenke na mzigo wake wote. Injini inafanya kazi kwa joto kubwa zaidi na moshi unaopita kwenye ringi unaongezeka. Udhaifu uliokuwepo unajitokeza. Pia mwulize aliyefunga samani amepitisha wapi skrubu zake, na kama ameziba njia ya hewa ya injini kwa mbao.

Nikilala ndani nasikia harufu ya oili iliyoungua.

Hii usiizoee. Oili inadondokea ekzosi, na juu yake kuna sponji, mapazia na mtungi wa gesi. Kagua kava la tepeti upande wa ekzosi na, kama ipo, tabo. Kagua pia mpira wa kuzunguka mfuniko wa injini ndani ya gari, maana harufu ikipita, moshi wa ekzosi nao utapita. Mpaka irekebishwe, usilale ndani injini ikiunguruma.

Mvujo uko mbele, karibu na belti. Naweza kuchelewesha?

Inategemea injini. 14B na 15B zilizofungwa kwenye Coaster nyingi, taimingi yake inaendeshwa kwa gia, si belti, kwa hiyo una muda. 1HZ na 3L zina belti ya taimingi ya mpira, na oili huila. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni, na gharama yake unaweza kununulia injini iliyotumika. Sili ya krenki, ya kemu na ya pampu ya dizeli zibadilishwe pamoja na belti. Kipimo kinachotajwa sana ni kilometa 100,000, lakini kwenye gari ambalo historia yake huijui, anza upya. Ile taa ya belti kwenye dashibodi usiitegemee, kuna waliotoa balbu.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa.

Maji yameingia. Gasketi ya silinda hedi, hedi yenye ufa, au kipozea oili. Usiwashe, vuta.

Naweza kwenda Mwanza na mvujo huu, nikatengeneze nikirudi?

Karibu kilometa 700. Kama ni tone la asubuhi na haligusi ekzosi wala belti, unaweza. Pima kwenye uwanja ulionyooka, injini imezimwa dakika chache, kabla ya kuondoka. Pima tena Manyoni, kisha Singida, kabla ya kuingia Sekenke. Ukikuta haijashuka mpaka hapo, pumua. Beba oili ya aina ileile. Usijaze kupita alama ya juu ukidhani unaweka akiba: oili iliyozidi huchapwa na krenki, inatoa povu, inaongeza kuvuja, na kwenye dizeli inaweza kuvutwa kwenye njia ya hewa, injini ikajiendesha bila kutii ufunguo.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zima hapohapo, hata kama kituo cha mafuta unakiona.

Lilikaa mwaka mzima Nkuhungu bila kuwashwa. Sasa linavuja.

Mdomo wa sili umekauka. Badilisha oili kwanza hata kama haijatembea, tembeza siku kadhaa, uangalie kama inapungua. Mara nyingi inapungua. Isipopungua, rudi kwenye swali la poda.

Oili chafu niimwage wapi?

Si kwenye mtaro wala chini ya mti. Weka kwenye galoni, ilete gereji unapobadilishia, kwa kawaida wanayo pipa. Watu wa hapa huipaka kwenye nguzo za uzio kuzuia mchwa. Ukifanya hivyo, iwe mbali na bustani ya mboga na kisima, na uvae glavu.